Kamba ya Mkwe

Kabla homa haijashuka kwa gari moshi, mikono ya Jeconia Odhiambo ilijulikana kuliko sura yake, kuanzia daraja la Chania mpaka Mugutha. Alikuwa dresa wa viungo pale hospitalini Thika, kazi aliyojifunza vitani Burma akiwakanda askari waliotoka msituni wamekauka kama ngozi iliyosahauliwa juani. Watu walisimulia kwamba aliwahi kumkanda seremala aliyepinda mgongo miaka saba, na siku alipomaliza, seremala akashindwa kuingia kwa mlango wake mwenyewe kwa urefu. Wengine waliapa kwamba sufuria iliyobonyea ikitiwa mikononi mwake hujinyoosha yenyewe kwa hofu.

Syokau hakuamini habari ya sufuria. Ya seremala aliiamini, maana kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alimsikia mkwe wake Mbuvi akilia.

“Pole pole, dresa! Hilo goti ni langu!”

“Goti ni lako, ugumu ni wa shamba,” Jeconia alijibu kutoka ndani. “Hesabu.”

“Moja. Mbili. Mama yangu!”

“Baada ya mbili ni tatu. Mama yako hayuko kwa hesabu.”

Syokau alikuwa ameketi nje juu ya kigogo, mjukuu wake Ndinda mgongoni, uso ameuelekeza kwenye ua wa kaiyaba na leso ameivuta mpaka kwenye nyusi. Miezi mitatu alikuwa pale kwenye laini za wafanyakazi wa shamba la mkonge, kati ya Thika na Ruiru. Alikuja kumsaidia binti yake Kamene na mtoto mchanga, na katika miezi hiyo mitatu hakuwa ameuona uso wa Mbuvi. Kisogo aliwahi kukiona mara moja kwa bahati mbaya, akaomba msamaha kwa Mungu. Wakamba huiita nthoni, ile haya ya wakwe. Mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani, hawagusani, hawatajani majina, na wakikutana njiani kila mmoja anatafuta kichaka chake. Kulala nyumba moja ndiyo haiwezekani kabisa. Syokau alilala kwa jirani, Nelima, mama wa Kibukusu mwenye mdomo usiojua kupumzika.

“Mama Kamene, huingii ukaone?” Nelima alimchokoza akipita na debe la maji.

“Nione nini?”

“Goti.”

“Nelima mwanangu, kwenu mtu anatazama goti la mkwe?”

“Kwetu hata kivuli chake tunakizunguka.”

“Basi unaniuliza nini?”

Nelima akacheka, maji yakamwagika. Lakini habari ya goti hilo haikuwa ya kucheka sana. Robota la mkonge lilikuwa limemwangukia Mbuvi kiwandani, akafungwa plasta wiki sita, na plasta ilipotolewa goti likabaki limenyooka kama mpini wa jembe. Meneja, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Kibiriti kwa jinsi alivyowaka haraka, alitoa neno moja tu. Tarehe moja mwezi wa tisa, king'ora kikilia, Mbuvi atoke nyumbani kwa miguu yake, bila fimbo, bila bega la mtu, apande ule ubao mrefu wa kiwandani mpaka kwenye mashine ya kufunga marobota. Akifika, kazi ni yake na nyumba ni yake. Asipofika, siku hiyo hiyo anaingia mtu mwingine. Na kule kwao, upande wa Kilimambogo, hakukuwa na nyumba inayomngoja, ila kiwanja chenye kichuguu.

Zilibaki wiki tano. Jeconia alitoka ndani akijifuta jasho, akatundika koti lake begani.

“Mama,” alimwambia mgongo wa Syokau kwa heshima, “linaanza kusikia. Mikono hii ikiendelea hivi, tarehe moja atapanda ubao akiimba.”

“Mungu akuwekee hiyo mikono,” Syokau akasema, bado akiangalia ua.

*

Homa ilifika Ruiru daraja la tatu, bila tiketi. Waliosoma gazeti walisema ilitoka mashariki ya mbali, ikapanda meli, ikashuka Mombasa. Jumatatu alikohoa mtu wa stesheni, Jumanne duka zima, na Alhamisi kanisani wimbo wa pili haukuisha kwa sababu waimbaji wote walikuwa wanapiga chafya kwa sauti nne.

Ijumaa Jeconia hakuingia. Syokau alisikia kengele ya baiskeli upande wa nje wa ua, kisha akaona mikono miwili imeinuliwa juu ya kaiyaba kama ya mtu aliyekamatwa.

“Kamene! Mbuvi! Mniangalie vizuri. Hii mikono imefungwa.”

“Imefungwa na nani?” Kamene aliuliza.

“Hospitali. Dresa asiguse mtu yeyote nje ya wodi. Asubuhi naenda kwa mgonjwa Kalimoni, mchana niko hapa, jioni Mugutha. Wanasema naibeba homa kwa vidole kama mwenye posta. Na nyapara wenu, Perez, amefunga geti. Kila nyumba na homa yake.”

Ndani, Mbuvi aliguna. “Basi imekwisha.”

“Imekwisha nini? Kamene, osha mikono. Kuanzia leo mikono yako ni yangu. Mimi ni mdomo tu.”

Kazi ikawa ya ajabu. Jeconia, ambaye miaka kumi na miwili hakuhitaji maneno, maana vidole vyake vilijua njia hata gizani, sasa alisimama barabarani akitafuta maneno ya mambo ambayo hakuwahi kuyataja. Kaza hapa. Hapa wapi? Pale panapozunguka. Panazunguka wapi? Alitoa jasho kuliko siku za kukanda.

“Si hivyo! Nasikia unavyofanya! Unafua blanketi!”

“Unasikiaje?”

“Mbuvi halii. Ukipapata, atalia kidogo tu, halafu atashusha pumzi. Tafuta mahali pa kushusha pumzi.”

Siku ya tatu Kamene alipapata. Jeconia akamwambia achore ukutani kwa makaa, kisigino kilipofika. Kila siku mstari ukapanda upana wa kidole. Siku ya nane kulikuwa na mistari sita, na Mbuvi akaweza kuketi ukingoni mwa kitanda, mguu ukining'inia nusu.

Siku ya tisa Kamene alianguka na homa. Nelima naye alikuwa chini tangu jana, na mume wake. Syokau alihamia jikoni kwa Kamene, kibanda kilichoegemea nyumba kwa nyuma, akalala na mtoto karibu na mafiga. Laini nzima ilikuwa kikohozi. Aliyesimama alikuwa yeye.

*

“Nani yuko?” Jeconia aliita kutoka nje ya ua.

“Mimi.”

“Mimi nani?”

“Mama yake Kamene. Wengine wamelala.”

Jeconia alikuwa mtu wa ziwani, na huko kwao mtu hawezi hata kula ugali mbele ya mama wa mke wake. Hakuhitaji kufafanuliwa.

“Yawa,” alisema. “Hapo siwezi kukuambia kitu, mama. Hapo tumefika.”

“Tumefika,” Syokau akakubali.

Siku hiyo mstari haukuchorwa, wala iliyofuata. Siku ya tatu Mbuvi alijaribu kukunja goti mwenyewe, na Syokau akasikia mlio kama wa mlango wa zamani, kisha matusi ambayo mkwe hapaswi kuyasikia. Akajifanya anapekecha uji.

Kuongea waliongea, lakini kwa njia yao. Njia yenyewe ilikuwa Ndinda, mwenye miezi mitatu na asiye na jino hata moja, ambaye kwake baba ni tata na bibi ni susu.

“Ndinda,” Syokau alisema kwa sauti akiwa nje ya mlango, “mwambie tata wako uji uko hapa chini. Mimi nimeshaondoka.” Akaondoka kweli, hatua sita, akajificha nyuma ya jiko.

Bakuli likavutwa ndani kwa fimbo.

“Ndinda,” Mbuvi akajibu, “mwambie susu wako asante. Na umwambie goti limerudi mpini.”

Ndinda akapiga mwayo.

Syokau alikaa nyuma ya jiko akihesabu kwa vidole. Siku kumi na sita. Aliuwazia mlango ule ukifunguliwa na mtu mgeni, na Kamene na homa yake, na mtoto, na godoro la majani, vyote kando ya barabara, huku Perez akisimama na karatasi. Halafu akawazia mkono wake mwenyewe juu ya mguu wa mume wa binti yake. Aibu hizo mbili zilikuwa na uzito mmoja. Sasa wewe uliye na werevu, chagua.

Ndege wawili walitua kwenye unga aliouanika. Akainua mkono kuwafukuza, na mkono ukabaki juu.

*

Kule Kilimambogo mtama ukianza kuiva, kazi ya Syokau ilikuwa kuamia. Hukaa juu ya dungu katikati ya shamba, na kamba ndefu zinatoka kwake kwenda kila pembe, na mwisho wa kila kamba pana debe lenye mawe. Ndege akitua pembe ya mbali, Syokau hanyanyuki. Anavuta tu. Ilisemekana aliweza kumvutia ndege mmoja debe bila kumsumbua jirani yake.

Jumatano alimngoja dresa uani.

“Jeconia, mtu akitaka kumfukuza ndege aliye mbali, anamfuata?”

“Hapana, mama.”

“Anafanya nini?”

“Sijui. Sisi ni wavuvi.”

“Anavuta kamba. Kamba ikimgusa ndege, mimi nimemgusa?”

Kaiyaba yote ikatikisika. Jeconia alikuwa amejishika kwenye ua, miiba na yote, akicheka.

“Hujamgusa, mama! Hujamgusa hata kidogo! Wazungu wana kitu hicho, niliona Burma, wanafunga kwa vyuma na magurudumu. Kamba una?”

Kamba alikuwa nayo. Tangu alipokuja alikuwa anasokota nyuzi za kiondo, na sasa akazisuka pamoja, nyuzi nane, kamba nene ya kumtosha ndama. Ndani Kamene alimsikia, akainua kichwa chenye homa.

“Mwaitu, mama yangu, watu watasema nini?”

“Watu gani? Wote wamelala. Wewe pia lala.”

Akaichomeka kamba kwenye upenyo kati ya ukuta na paa. “Ndinda, mwambie tata wako aipitishe juu ya boriti. Mwisho wake aufanyie kitanzi cha blanketi, akiweke nyuma ya goti.”

“Ndinda,” Mbuvi aliuliza kwa mashaka, “susu wako anataka kuninyonga?”

“Ndinda, mwambie watu wananyongwa shingo.”

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Mbuvi amelala chali, kitanzi kinainua paja, na mguu wa chini unaning'inia kwa uzito wake mpaka goti lishindwe ukaidi. Syokau alikaa nje, mgongo ukutani, kamba mikononi. Jeconia alisimama barabarani. Kati ya hao watatu hakuna aliyemwona mwenzake.

“Tayari?” Jeconia alipaza sauti ya Burma. “Vuta!”

Sasa Syokau alijua kuvuta namna moja tu, ile ya ndege. Akavuta.

Mguu uliruka ukagonga boriti. Na Mbuvi, katika uchungu ule usio na chaguo la maneno, akalia kwa sauti iliyofika kiwandani:

“Wuui! Syokau!”

Laini nzima ikanyamaza. Hata waliokuwa wanakohoa walikatiza kikohozi katikati. Mtu alikuwa amemwita mama mkwe wake kwa jina, mchana kweupe, kama anayeita mtoto aje kula. Syokau aliachia kamba. Mguu ukaanguka, yowe la pili likatoka, lakini hilo halikuwa na jina la mtu.

*

Kesho yake kamba ilining'inia peke yake. Syokau alikuwa nyuma ya jiko na uso wake ndani ya leso.

“Mama,” Jeconia aliita, “leo hatufanyi?”

“Hatufanyi. Nimetajwa.”

“Ni maumivu, mama.”

“Maumivu hayana adabu? Kwetu hiyo ni faini ya mbuzi. Na mbuzi yuko wapi, na wazee wa kuila hiyo nyama wako wapi? Nitarudije nyumbani, mama aliyetajwa?”

Jeconia akaegemeza baiskeli. Mambo haya hayakufundishwa hospitalini, wala Burma. Akajikuna kichwa kwa mikono yake iliyokosa kazi.

“Nikuulize kitu. Huko kwenu, kina Syokau ni wangapi?”

“Aa, wengi. Saba hivi.”

“Basi alimwita mmoja wa wale sita.”

Syokau akainua uso. Kutoka nyumba ya jirani, sauti ya Nelima ikapenya ukutani, nyembamba kwa homa lakini haijafa: “Si aulizwe!”

Hilo lilikuwa neno la haki. Syokau alijikohoza. “Ndinda, muulize tata wako jana alikuwa anamwita Syokau gani.”

Syokau alijua mkwe wake hakuwa mtu wa kufikiri haraka, na kwa mara ya kwanza alimwombea awe.

“Ndinda,” Mbuvi alisema polepole, kama anayevuka mto kwa mawe, “mwambie susu wako… ni yule wa sokoni. Mwenye jicho moja. Anauza ugoro.”

“Huyo!” Syokau akasimama. “Huyo ana haki ya kuitwa. Mwambie aweke kitanzi.”

Wakaanza tena. Safari hii Jeconia alimfundisha kuvuta kama anayechota maji kisimani bila kuyatibua. “Vuta… shikilia… hesabu kumi… legeza!” Naye Syokau alijifunza kusoma kamba. Goti likigoma, kamba ilitetemeka; likikubali, ilipumua. Kabla ya wiki kwisha alikuwa anamwambia dresa yeye: “Sasa amejikaza, tumngoje.” Na kweli Mbuvi alikuwa amejikaza. Makaa yakarudi ukutani.

*

Sauti ya Jeconia ilikuwa ya jeshi, na laini ilikuwa imejaa watu wanaopona wasio na la kufanya. “Juu! Shikilia! Teremsha!” Mmoja alianza kuinua mguu kitandani kwa mchezo, kisha wa pili, mwishowe nyumba kumi na nane zikawa zinainua miguu kwa amri moja. Mzee wa nyumba ya saba, ambaye hakuwa ameinua mguu tangu mwaka wa nzige, aliinua yote miwili, na mkewe akahama kitanda.

Lakini ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, na mtu mwenye sauti ya jeshi nje ya ua hakosi kusikika. Koplo Waweru alifika na askari wawili, bunduki begani, vitambaa vya homa usoni.

“Lipoti imefika,” alimwambia Jeconia. “Unafundisha watu kwata. Jeshi lako liko wapi?”

“Sina jeshi, afande. Nina goti.”

“Goti la nani?”

“La mkwe wa huyu mama.”

Koplo akaingia geti. Aliona nini? Mwanamke wa makamo ameketi chini, mtoto mgongoni, ameshika kamba inayopotea ukutani.

“Wewe mama. Hii kamba inaenda wapi?”

Syokau akatamani ardhi ipasuke. Milango yote ilikuwa imefunguka, vichwa vimetoka. Kufanya alifanya kwa siri ya ukuta. Kusema mbele ya watu wazima wenye bunduki ni jambo lingine. Lakini alimwona askari mmoja akielekea mlangoni kwa Kamene.

“Inaenda kwa mguu,” akasema.

“Mguu wa nani?”

“Wa… wa baba ya huyu mtoto.”

“Sema vizuri. Ni nani yako?”

Machozi yakamjaa. “Ni mkwe wangu! Nimevuta mguu wa mkwe wangu siku sita! Umesikia? Andika!”

Hakuna aliyecheka. Koplo, kwa kutojua la kufanya na mikono yake, akaishika kamba akaivuta kuona kama ni kweli. Ndani Mbuvi akapiga yowe. Koplo akaiachia kama nyoka.

“Ngai!” akasema. Naye alikuwa na mama mkwe, huko Gatundu. Kwao pia wanaiita thoni. Alivua kofia, akaivaa tena. “Endelea, mama. Lakini wewe dresa, hayo maneno ya jeshi sitaki kusikia. ‘Juu, shikilia’, hapana. Tafuta ingine.”

“Ipi, afande?”

“Sijui. Ya raia.”

Walipoondoka, Jeconia alibaki ameshika usukani wa baiskeli. “Mama, bila amri mimi sijui kazi hii.”

“Mimi najua,” Syokau alisema, akijifuta macho. “Kuamia kuna maneno yake. Nikisema *haaai*, ndege wanapaa. Nikipiga mluzi, mkono unashuka. Jaribu.”

“Haai.”

“Hivyo ndege watakuja kula na wewe. Toa tumboni.”

“Haaaai!”

“Huyo sasa amepaa.”

Tangu siku hiyo, watu waliopita barabara ya Ruiru walimkuta dresa wa serikali, mtu mzima mwenye medali, akiwafukuza ndege wasioonekana mbele ya ua wa kaiyaba. Koplo Waweru alipita mara mbili. Hakuandika kitu.

*

Tarehe moja mwezi wa tisa king'ora kililia. Kamene, amekonda lakini amesimama, alifungua mlango. Syokau alikuwa mbali, nyuma ya mkonge ulioanikwa kwenye nyaya kama nywele za jitu, mgongo ameugeuzia kiwanda. Nelima ndiye aliyekuwa macho yake.

“Ametoka?”

“Ametoka. Meneja yuko kwenye ubao. Anapenga kamasi, naye imempata.”

“Anatembeaje?”

“Nani, meneja?”

“Nelima!”

“Mbuvi anatembea. Aiya, mama Kamene… anainua goti.”

“Mpaka wapi?”

“Karibu na kidevu.”

Na ilikuwa kweli. Mguu uliofundishwa na kamba haukujua hatua ndogo. Kila mara ulipaa, ukaning'inia, ukafikiri, kisha ukashuka. Wafanyakazi walianza kucheka. Mmoja akalia kama korongo. Syokau alisikia kicheko hicho kikimwingia mbavuni.

“Wanamcheka.”

“Wanamcheka, naye anaenda. Amefika kwa ubao. Amesimama.”

“Kwa nini amesimama?”

“Anauangalia.”

Nyaya za mkonge zililia kwa upepo. Bila kujua, Syokau alikuwa ameshika nyuzi za mkonge ngumi mbili, lakini hakuvuta. Huko hakukuwa na kamba ya kufika.

“Ameweka mguu,” Nelima alisema, sasa kwa kunong'ona. “Ule mbaya ndio ameutanguliza, mjinga huyu. Amepanda. Amepanda wa pili. Perez amenyoosha mkono amshike… amemkataa! Amemwambia toa mkono! Yuko katikati. Mama Kamene, yuko juu. Yuko juu!”

Sauti ya Bwana Kibiriti ilisikika hadi kwenye mkonge, ikiwa imezibwa na mafua: “Hii mutu nakwenda kama ndege!” Akapiga chafya. “Lakini nakwenda. Wewe Perez, peleka yeye kazini.”

Syokau akaketi chini pale pale. Nelima akaketi naye, wakalia kidogo, kisha wakacheka kidogo, kisha Nelima akaiga ile hatua na wote wawili wakashindwa kusimama.

*

Geti lilipofunguliwa, Jeconia aliingia na mikono yake miwili mitupu na yenye njaa ya kazi. Akaligusa goti la Mbuvi kwa mara ya kwanza baada ya mwezi, akaliminya, akalizungusha.

“Huku ndani kuna mtu aliyefanya kazi,” alisema. “Mimi nilikuwa nasukuma tu. Yeye alikuwa anangoja.” Aliomba ile kamba. Wiki iliyofuata boriti za wodi yake Thika zilikuwa na kamba nne, na ndugu za wagonjwa ndio waliozivuta. Daktari alipouliza amejifunza wapi, alisema kwa mtaalamu wa ndege.

Syokau aliondoka mwezi wa kumi, mvua ikinukia. Kutoka laini mpaka stesheni ya Ruiru ni mwendo, na alikuwa na gunia la unga ambalo Kamene alimlazimisha kulichukua. Mbuvi ndiye aliyelibeba. Kwa adabu alimfuata nyuma hatua arobaini, na Syokau hakugeuka.

Lakini masikio hayana nthoni. Alisikiliza zile hatua kwenye changarawe: tap, tap, tap. Alijaribu kutambua ule mguu wake, mguu alioujua kwa kamba siku kumi na mbili na ambao hakuwa ameuona na hatauona. Hakuweza. Yote miwili ilisema neno moja.

Labda ananidanganya, akawaza. Labda anajikaza. Akasimama afunge leso, hatua zikasimama. Akaenda, zikaenda. Akaongeza mwendo. Nyuma yake, mwendo ukaongezeka. Basi akakusanya leso kwa mkono mmoja, na mwanamke yule wa makamo, mwenye wajukuu sita, akaanza kukimbia katikati ya barabara ya Ruiru, na nyuma yake, gunia begani, goti likipaa na kushuka, Mbuvi akakimbia pia asije akakosa treni au heshima.

Mafundi wa baiskeli kando ya barabara wakainuka na spana mkononi.

“Mama! Huyo mtu anakukimbiza? Tumshike?”

“Mwacheni!” Syokau alipaza sauti bila kugeuka, meno yote nje. “Akisimama ndipo mmshike!”